Njia ya Nyuma ya Migombani

Mheshimiwa Obed, mwenyekiti wa kitongoji cha Migombani, pembezoni mwa mji wa Tukuyu, alikuwa na ugonjwa wa maendeleo, na ulikuwa umefika hatua ambayo zahanati isingeweza kumsaidia. Akiuona mgomba, aliona fremu ya duka. Akiona tope, na Tukuyu mvua haijui likizo, aliona lami. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umeukalia mlima Rungwe kama blanketi la bwenini, yeye tayari alikuwa barazani na koti lake la kijivu, anautazama mji unavyopanda kumfuata: hosteli, maghala ya maparachichi, ghorofa moja ambayo tangu ianze kujengwa haijawahi kumalizwa wala kuachwa. Kilichomuuma ni neno lenyewe, kitongoji. Mji ukikua, vitongoji hugeuka mitaa, na mwenyekiti wa mtaa hakai benchi moja na mwenyekiti wa kitongoji. Obed aliusubiri mtaa wake kama mwanafunzi anavyosubiri siku ya kufunga shule.

Ili mtaa uje, ilibidi Migombani ipangwe. Na Migombani ilikuwa imepangwa, ila na watu waliokwisha kufa, ambao hawakuacha ramani. Nyumba zilitazama barabara. Nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba, na ndani ya migomba kulikuwa na kijia chembamba kiasi kwamba mbuzi wawili wakikutana humo, mmoja alilazimika kurudi kwao. Hakikuwa na jina. Watu walisema tu "nyuma". Kilianzia bombani, kikapita migongoni mwa nyumba zote, kikatokea karibu na soko.

Mgeni angedhani ni njia ya mkato. Haikuwa hivyo, ilikuwa ndefu kuliko barabara. Ilikuwa njia ya wake.

Kwa Wanyakyusa wanaoshika mambo kama walivyoyapokea, mkaza mwana hamtazami baba mkwe wake usoni, hamtaji kwa jina, hasemezani naye, na hakutani naye njiani. Si chuki. Ni heshima, tena heshima ya daraja la kwanza. Wengi wameshailegeza, siku hizi wapo wake wanaowapigia baba wakwe zao simu kuwaomba vocha. Lakini Migombani zilibaki nyumba ambazo bado zilishika, na mojawapo ilikuwa nyumba ya mwenyekiti mwenyewe, ambako mkewe Tusekile na baba mzazi wa Obed, mzee Ambwene, waliishi uani pamoja tangu siku Tusekile alipoletwa kutoka Masukulu akiwa bibi harusi. Katika miaka yote hiyo Tusekile alikuwa ameona kisogo cha mzee tu, nacho kwa ajali.

Ili watu wawili waishi uani bila kuonana, panahitajika utaratibu kuliko ule wa jeshi. Mzee Ambwene, mjane, alikuwa na kajumba kake upande wa chini. Akitaka kutoka kwenda barabarani, alikohoa. Si kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa kikohozi kimoja kirefu chenye mkia, maana yake: napita mbele. Hapo Tusekile alichukua njia ya nyuma. Tusekile akitaka kukatiza uani, aliipiga ndoo kwa kiganja, na mzee akabaki ndani akisoma kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Pale ua ulipokutana na kijia palikuwa na jiwe pana. Juu ya jiwe hilo, asubuhi, Tusekile aliacha kibuyu cha maziwa mgando. Jioni alikikuta palepale, kimeoshwa, kimekaushwa juani, kimezibwa kwa jani la mgomba.

Siku moja, mwaka wa pili wa ndoa, alizibua kibuyu akarukiwa na panzi. Alipiga kelele mpaka kuku wakahama. Kesho yake maziwa ya mzee yalikuwa na pilipili. Baada ya siku chache panzi akarudi, mkubwa zaidi. Tusekile akajifunza kukitikisa kibuyu sikioni kabla hajakizibua, na mzee akajifunza kuonja kabla hajanywa, na vita ile ya heshima ikaendelea miaka na miaka bila neno hata moja kusemwa, baina ya watu wawili ambao kwa mila hawakuruhusiwa hata kusalimiana, sembuse kutaniana.

Obed hakujua lolote. Alikuwa akimsikia mkewe anacheka peke yake migombani, naye akafikiria kumpeleka kwenye maombi. Mambo ya kibuyu aliyajua baadaye, wakati kuyajua kulikuwa hakusaidii kitu.

Wapimaji walikuja mwezi wa sita. Kiongozi wao alikuwa kijana wa Mbeya aitwaye Jackson, mpole, mwenye buti safi ambazo tope la Migombani lilizishughulikia siku ya kwanza tu. Jackson alieleza kwamba kila mtu atapata hati ya kiwanja chake, kwamba barabara itapanuliwa na kuwekwa vitofali, na kwamba maeneo ya wazi yasiyo na kazi yatagawiwa viwanja vinavyopakana nayo. Ila kabla ya kukigawa kile kijia cha migombani, alitaka kwanza mkutano wa wakazi. Alisema kwa utaratibu wa kitaalamu lazima kila anayekitumia asikilizwe. Alikuwa na nia njema. Kosa lilikuwa la mwenyeji wake.

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya ghala la maparachichi. Safu ya mbele, kwenye viti vya plastiki, walikaa wazee, kama desturi inavyotaka. Na kwa kuwa wazee walikaa mbele, wakaza wana wa nyumba zinazoshika mila hawakuja. Wangekujaje? Kuketi mbele ya baba mkwe, kisha kusimama na kuongea ukisikiwa naye, ilikuwa sawa na kumvua kofia hadharani. Kwa hiyo watu pekee wanaokitumia kijia walikuwa majumbani wakimenya ndizi, wakati kijia chao kikijadiliwa na watu ambao hawajawahi kukipita.

Jackson aliuliza kinatumiwa na nani. Kimya. Wazee walitazama viatu vyao. Wao nao walikuwa wamebanwa: mzee hawezi kusimama mbele ya umati akaanza kumzungumzia mke wa mwanawe anapita wapi. Mwenye kuheshimu hakuweza kusema, na aliyeheshimiwa hakuweza kumsemea. Kilichobaki ni mtu wa katikati, mwenye mke nyumbani na baba kwenye safu ya mbele, na mtu huyo alikuwa amevaa koti la kijivu na ndiye aliyeshika kipaza sauti.

Obed alijua. Alijua kijia ni cha nini kama alivyojua jina lake. Lakini pale mbele ya kijana wa Mbeya mwenye vifaa vya satelaiti aliona aibu kueleza kwamba katika kitongoji chake, ambacho kesho kinataka kuwa mtaa, kuna watu wanaojificha migombani wasionane na wakwe zao. Akatamani kimya kile kiwe ndiyo.

Mzee Ambwene akakohoa. Kikohozi kimoja, kirefu, chenye mkia.

"Mzee amepaliwa," Obed akasema kwenye kipaza sauti. "Mleteeni maji."

Watu wakacheka kidogo, chupa ya maji ikaletwa. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaishika hivyohivyo bila kuifungua mpaka mwisho wa mkutano. Na mwisho wa mkutano ulikuwa karibu, kwa sababu hapakuwa na pingamizi.

Lazima ipewe haki yake: Migombani ilipendeza. Barabara ilipata vitofali, mifereji ikapata zege, taa mbili zikawaka mpaka asubuhi. Migomba ilikatwa, kila mwenye kiwanja akasogeza mpaka wake na kujenga ukuta wa matofali hadi kwa jirani. Kipande cha kijia cha upande wa soko alikinunua Husseni, mfanyabiashara wa magodoro na sukari, akajenga duka zuri lenye mlango wa chuma. Lile jiwe pana liliingia kwenye msingi wa ukuta wa mwenyekiti mwenyewe. Fundi alilisifu sana. Sasa nyumba ya Obed ilikuwa na geti jeusi, na geti hilo lilikuwa njia moja ya kutokea, kwa binadamu, kuku na heshima.

Wiki za mwanzo mzee na mkaza mwana walijitahidi. Aliyesikia mwenzake alijifungia. Tusekile alikwenda bombani saa ambazo mzee alikuwa amelala, na mzee alijilaza saa ambazo hakuwa na usingizi. Kibuyu kilikosa pa kuwekwa; aliyekibeba sasa alikuwa Obed, aliyekipeleka mlangoni kwa baba yake huku simu ikiwa sikioni.

Ilitokea siku ya gulio. Obed alikuwa na wageni, wenyeviti wa vitongoji vingine waliokuja kujifunza maendeleo, naye alikuwa amesimama nao karibu na kona ya ukuta akiwaonyesha vitofali. Mzee Ambwene alikuwa anarudi kutoka kwa kinyozi. Alipokaribia kona alikohoa, kama kawaida. Lakini bodaboda mmoja alikuwa anapima injini yake, na dukani kwa Husseni spika ilikuwa inatangaza magodoro. Tusekile, anatoka getini na ndoo ya maziwa ya kuuza, hakusikia kitu.

Wakakutana uso kwa uso, ukuta kulia, ukuta kushoto.

Tusekile alijiangusha chini palepale, khanga akaivuta mpaka kidevuni, maziwa yakakimbia kwenye vitofali vipya. Mzee aligeukia ukuta, akagusisha paji la uso kwenye matofali, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyekamatwa akiongea wakati wa kujisomea. Wakabaki hivyo. Hakuna aliyeweza kuondoka, kwa kuwa hakuna aliyeweza kutazama kama mwenzake ameshaondoka. Bodaboda walianza kucheka. Mmoja akatoa simu. Mwingine akawaambia wapige kura nani atangulie.

Ilikuwa kazi ndogo sana. Obed alipaswa kutembea hatua chache, amshike baba yake mkono, ampeleke ndani. Lakini wageni walikuwa wanamtazama yeye, wapate kujua mwenyekiti wa kisasa huchukuliaje mambo kama hayo. Akacheka. Kicheko kidogo tu, cha kiofisi, kile cha kuonyesha kwamba na yeye yuko upande wa simu. Akaona mabega ya mzee kule ukutani yakishuka. Baba anakijua kicheko cha mwanawe hata akiwa amefumba macho.

Aliyewatoa pale alikuwa Hajira, mke wa Husseni, ambaye alitoka dukani na shuka la kuuza, akalitandaza kati yao, akamwambia mzee kwa upole apite.

Kesho yake asubuhi mzee Ambwene alifunga kitabu chake cha nyimbo na nguo zake ndani ya blanketi, akasema anakwenda Suma, kwenye shamba la marehemu kaka yake. Obed alimsihi, akaomba radhi kwa niaba ya bodaboda, akaahidi kuwaita kwenye kikao. Mzee hakuonyesha hasira.

"Mjini kwenu ni kuzuri, mwanangu," alisema. "Kasoro yake ni moja. Hakuna pa kumpisha mtu."

Tusekile hakugomba. Obed alijiandaa kwa ugomvi, akatayarisha hata hoja, na hoja zikamwozea kinywani. Siku moja tu, akimenya ndizi, mkewe alimsimulia habari za kibuyu: panzi, pilipili, miaka yote ile. Alisimulia kama mtu anayesimulia habari za dada yake aliye mbali. Akacheka alipofika kwenye kuku waliohama. Kisha akamaliza ndizi zake. Obed akatoka nje, akasimama ukutani pale fundi alipoliweka lile jiwe, akalitafuta kwa kiganja. Lilikuwa limepigwa lipu.

Ndipo mwenyekiti alipoanza kuhangaika. Alimwuliza Jackson kama kijia kinaweza kurudi, na Jackson, kwa huzuni ya kweli, akamwambia hati zimeshatoka, na kwamba alikiulizia kijia hicho mbele ya watu wote. Aliwaendea majirani, na kila mmoja akamwonyesha ukuta wake. Mwisho alikwenda kwa Husseni, akakaa juu ya gunia la sukari, akamweleza kila kitu.

Husseni alisikiliza mpaka mwisho, akaizima spika.

"Mwenyekiti, mimi niliuziwa kiwanja. Hakuna aliyeniambia nanunua njia ya wake za watu. Ningejua, ningeshindwaje kuacha upenyo? Hata kwetu wanawake wana mlango wao."

Hakuishia kwenye maneno. Alileta fundi, akatoboa mlango nyuma ya duka, na majirani wawili, kwa kuona haya, wakatoboa kuta zao kufika pale. Tangu siku hiyo wakaza wana wa Migombani walipita katikati ya magodoro na magunia, wakatokea sokoni, na Hajira aliwawekea kigoda cha kupumzikia. Obed akaona amepona. Ijumaa iliyofuata alimwomba mkewe kibuyu cha mgando, akavaa koti, akapanda pikipiki yake kwenda Suma kumrudisha baba yake.

Alimkuta kwenye migomba, anakata majani makavu, mwembamba kidogo. Mzee aliupokea mgando, akaumimina kwenye kikombe chake kikubwa, akanywa moja kwa moja, bila kuonja kwanza. Obed aliliona hilo, likamchoma. Akaeleza habari za mlango wa Husseni, kwa urefu, na ishara za mikono.

"Husseni ni mtu mwema," mzee akasema. "Mshukuruni sana. Lakini mlango wake ni hisani, na hisani ina saa za kufunga. Kile kijia hakikuwa hisani ya mtu."

"Sasa tata, mbona siku ya mkutano hukusema?"

"Nilisema."

"Hukusema neno, tata."

"Nilikohoa," mzee akasema. "Ukaniletea maji."

Obed alitazama chini, kwenye koti lake, kwenye vifungo vyake. Ziko adhabu ambazo mtu huzipokea akiwa amesimama wima na kushukuru, na hiyo ilikuwa mojawapo. Mzee akamrudishia kibuyu kama kilivyo, masalio ya maziwa yakiwa ndani, akamtuma salamu kwa kila mtu Migombani isipokuwa mmoja, ambaye salamu zake hazitumwi, na akarudi kwenye majani yake makavu.

Njiani, sehemu yenye nyasi ndefu, mwenyekiti alisimamisha pikipiki. Akatazama huku na huku. Kisha, akiwa na koti lake la kijivu na viatu vya vikao, aliingia nyasini na kuanza kumfukuza panzi. Ilichukua muda, kwa sababu panzi wa Suma hawatambui madaraka. Watoto wa shule waliokuwa wanapita walisimama kutazama, na mmoja akamsalimia shikamoo wakati amepiga magoti. Alimkamata hatimaye, mkubwa, wa kijani. Akamtia kibuyuni, akakata jani la mgomba, akaziba, akakaza vizuri asitoroke.

Alipofika Migombani ilikuwa saa ya sala ya Ijumaa. Duka la Husseni lilikuwa limefungwa, spika kimya. Nyuma ya duka, mbele ya ule mlango mpya, alikuwa amesimama Tusekile na ndoo yake. Kule konani, barabarani, wazee wawili, rika la mzee Ambwene, ambao kwa Tusekile ni baba wakwe vilevile, walikuwa wamesimama kuongea habari za bei ya maparachichi, na hawakuonyesha dalili ya kumaliza. Mbele kuna wazee, nyuma kuna kufuli. Alikuwa amesimama pale tangu muadhini alipoita.

Obed alishuka kwenye pikipiki. Alimpa kibuyu.

Tusekile alikipokea, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ukakipeleka sikioni, ukakitikisa. Kitu kilisogea ndani. Uso wake ukafunguka hivi kwamba Obed, aliyemwoa na kuzaa naye na kula naye, alijua hajawahi kuuona. Akazibua taratibu, akijitayarisha kurukiwa.

Hakurukiwa. Panzi alikuwa amelala chali kwenye maziwa, miguu juu.

Tusekile alimtazama panzi. Kisha akamwangalia mumewe, nyasi zilizong'ang'ania magoti ya suruali yake.

"Huyu si wa baba," alisema.

"Umejuaje?"

"Baba hukiosha kibuyu kwanza, akakikausha." Akalikunjua lile jani, akalinyoosha juu ya kiganja, zima, halina hata tundu. "Halafu hulitoboa jani. Ili apate kupumua."

Wazee pale konani walikuwa wamehamia kwenye bei ya chai. Obed aliegemea mlango uliofungwa, kando ya mkewe, wakasubiri.